"Inapiga Kidogo": hotuba kwa watengenezaji wadogo wa vifaa vya umeme

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu, walimu mliotoka vyuo vya ufundi, mafundi wenzangu wa Dar es Salaam na mliosafiri kutoka mikoani: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika 25, na mwenye saa amekaa pale mbele ananitazama bila kucheka, kwa hiyo naanza.

Hapa mezani nimeleta mashine ya kutotolesha vifaranga. Ni ya mayai 96, imetengenezwa hapa hapa nchini. Bati limenyooka, rangi imetulia, mlango una kioo. Naichomeka. Taa imewaka, feni inazunguka, na baada ya muda kidogo itasoma nyuzi 37.5, joto ambalo yai la kuku linalitaka kwa siku 21. Niambieni: mashine hii ni nzima au mbovu?

Nawasikia mnasema nzima. Hata mimi ningesema nzima. Aliyeitengeneza alisema nzima, akamwandikia mteja risiti. Naomba tu asije mtu kuigusa. Nimeichomeka kupitia transfoma ya kutenga, ile inayoitenganisha na umeme wa ukutani ili kupunguza hatari, lakini hata hivyo msiiguse.

Niliikuta kwa mama mmoja mfugaji, huko Mlandizi. Sikwenda kikazi, nimeshastaafu. Nilifuata mayai ya kienyeji. Aliposikia kwamba nilikuwa fundi umeme akaniambia: "Baba, mashine yangu inatotoa vizuri sana, sina malalamiko. Ila inapiga kidogo." Nikamuuliza, inapiga vipi? "Nikiwa nageuza mayai na mikono ina maji, inanitekenya. Nilimpigia simu fundi aliyeniuzia, akasema nivae ndala."

Nivae ndala! Mnacheka, lakini nani humu ndani hajawahi kumjibu mteja hivyo? Friji inapiga kidogo, vaa ndala. Pasi inapiga kidogo, simama juu ya zulia. Amplifaya ya kwaya inapiga kidogo, mwambie mwimbaji asiguse midomo kwenye maiki. Kosa la karakana tumeligeuza likawa tabia ya kifaa, kama ng'ombe mwenye teke: unajifunza tu wa kumkamua upande gani.

Nikaomba bisibisi. Ndani kila kitu kilikuwa cha maana. Waya mzuri, una alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Thamostati imetoka nje, nayo ina alama zake. Waya wa ardhi umefungwa kwenye bodi, yaani umbo la bati la mashine, kwa nati na washa ya meno, kama tulivyofundishwa. Nilikaribia kuona haya kwa kumshuku mwenzangu. Halafu nikageuza bati la nyuma. Skrubu moja, ya chini kulia, ilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa milimita 4 au 5 hivi, na ncha yake ilikuwa imechubua gamba la waya unaokwenda kwenye hita. Haikugusa shaba. Ilibaki nafasi ndogo, unene wa karatasi moja.

Sasa nisikilizeni. Fundi yule aliijaribu mashine yake. Aliniambia mwenyewe baadaye, na ameniruhusu nisimulie ilimradi nisimtaje. Aliiwasha ikiwa wazi, akaangalia joto, akagusa bodi kwa testa, testa haikuwaka. Akaridhika. Kisha akachukua bati la nyuma na skrubu nane, akafunga, akaifuta vumbi, akampigia mteja. Kosa liliingia na skrubu ya nane. Kila alichokipima kilikuwa kizima saa ile alipokipima, na hakuna aliyepima kile kilichouzwa.

Tena hata angeiwasha upya baada ya kufunga, ingewaka. Volti 230 haziruki nafasi ya karatasi yenye hewa kavu. Ilibidi mashine iende Mlandizi, iwekewe sahani ya maji ndani kama inavyotakiwa, mvuke uzunguke usiku na mchana, unyevu ukae pale penye mchubuko, ndipo umeme ukapata daraja la kuvukia hadi kwenye bati.

Mtasema, mbona ulikuwepo waya wa ardhi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja? Ulikuwepo, mzuri kabisa. Nikafungua soketi ya ukutani: matundu matatu safi, na nyuma ya tundu la juu hakuna waya. Nyumba ya kupanga, aliyefanya wayaringi aliokoa shaba. Kwa hiyo kila kilichovuja kilikaa kwenye bodi kikisubiri mkono wa mama. Nanyi mnajua tunavyoishi na soketi zetu. Mtu ana plagi ya pini mbili, anachokonoa tundu la juu kwa kalamu ili vizibo vifunguke, anasukuma ndani. Msitengeneze kifaa mkitegemea nyumba ya mteja ni kama ile iliyochorwa ubaoni chuoni. Kifaa chenu kitakwenda kukaa kwenye soketi ile ile mnayoijua.

Nataka niseme kidogo kuhusu hili neno "kidogo". Mkondo wa miliampea 1 mtu anausikia. Ukifika kama 10 misuli ya mkono inajikunja, aliyeshika bati hawezi kuachia; hapo ndipo watu husema umeme umemvuta, kumbe ni vidole vyake mwenyewe vimekataa kufunguka. Ukizidi 30 na kupita kifuani kwa muda, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, ndiyo maana zile breka za kumlinda mtu dhidi ya umeme unaovuja huwekwa zikate kwenye miliampea 30. Sasa chukueni mwili uliolowa, muupe ukinzani wa omu 1000, hesabu ya darasani. Volti 230 kwa omu 1000 ni miliampea 230. Na fyuzi ya kwenye plagi ni ampea 13, yaani miliampea 13,000. Mtu anakufa na fyuzi haijui kama kuna jambo limetokea. Fyuzi iliwekwa kulinda waya usiungue. Wewe na mimi hatumo kwenye mkataba wake.

Kusema kweli, kuna mtekenyo usio kosa. Chaja ya kompyuta yenye pini mbili, ukipitisha kidole polepole kwenye bodi ya chuma ya kompyuta, unaweza kusikia kama mchanga unatembea. Hizo ni kapasita za kuzuia makelele ya umeme, zinapitisha mkondo mdogo sana, na viwango vimeupa mpaka. Kwa vifaa vya namna hiyo ulikuwa robo ya miliampea. Shida ni kwamba kidole hakiwezi kukwambia hii ni robo ya miliampea au ni miliampea 3 zinazoelekea 30. Mama wa Mlandizi alikuwa anapima kwa kidole kwa miezi minne.

Tuje kwenye kupima kwenyewe. Kiwandani nilikaa miaka mingi kwenye meza ya mwisho, ile inayofuata skrubu ya mwisho na kulitangulia boksi. Wenzetu walituita wachelewesha mzigo. Lakini kwa kifaa kimoja kazi yetu haikufika dakika mbili.

Cha kwanza ni waya wa ardhi. Klipu inang'ata bodi, plagi inaingia kwenye kipimo, kipimo kinasukuma ampea 10 au 25 kwa volti chache tu, kisha kinasoma ukinzani. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya nyumbani, IEC 60335, kinataka usizidi omu 0.1, na 0.2 ukihesabu pamoja na waya wa plagi. Hapa kuna kijana ataniambia, mzee, mimi nina multimita. Multimita inasukuma mkondo mdogo kiasi kwamba uzi mmoja wa shaba uliobaki, wengine wote wakiwa wamekatika chini ya nati, utaupitisha bila kulalamika, na multimita italia "tiii" kama vile hakuna neno. Siku kosa litakapokuja kweli, ampea zitapita kwenye uzi ule mmoja na utakatika kama unywele kwenye moto. Ndiyo maana tunausukuma kwa nguvu mapema, hapa mezani, usije ukakatika kule.

Cha pili ndicho kingemkamata yule skrubu. Mmeona fundi bomba akimaliza mabomba ya ukutani? Hapigi plasta siku hiyo. Anaziba ncha zote, anajaza maji, anapandisha presha kupita ile ya kawaida, anaangalia kama kuna jasho. Sisi tunafanya hivyo hivyo kwa volti. Tunaunganisha pamoja moto na nyutro, waya mbili za kuleta umeme na kuurudisha, tunaweka volti 1000 kati yao na bodi, kwa sekunde moja. Kwa kifaa kisicho na waya wa ardhi, chenye ile alama ya mraba ndani ya mraba, tunapanda hadi 2500. Kihami, yaani gamba la kuzuia umeme, kikiwa kizima, hakuna kinachopita cha kutisha. Kikiwa kimechubuka, volti 1000 zinaruka ile karatasi ambayo 230 haziwezi kuiruka, kipimo kinakata, taa nyekundu, kifaa kinarudi kwa aliyekifunga. Sekunde moja. Mashine hii ingerudi ikiwa bado karakanani, kavu, kabla ya mvuke na kabla ya mama.

Lakini nawaambia siri za ile meza, kwa sababu kipimo hiki kinaweza kukudanganya ukifurahi. Anza na waya wa ardhi, usianze na volti. Kama waya wa ardhi haukuunganishwa na bodi, na wewe unapima kupitia pini za plagi, zile volti 1000 hazina pa kwenda. Kipimo kitakwambia kifaa ni kizuri sana. Kimepita kwa sababu hakikupimwa. Halafu swichi. Kuna asubuhi moja nilipitisha vifaa hadi saa nne, vyote vizuri, taa ya kijani tu, nikawa najisifu. Msimamizi akapita, akauliza swali moja: "Swichi umewasha?" Vyote vilikuwa vimezimwa. Nilikuwa nimepima waya za plagi asubuhi nzima. Tulivitoa kwenye maboksi kimoja kimoja, na siku ile sikula chakula cha mchana. Tangu siku hiyo nikawa na kifaa changu kibovu cha makusudi, nimekitengeneza kwa mkono wangu kiwe na uvujaji, na kila asubuhi kabla ya kazi nakiweka kwanza. Kipimo kikikipitisha, leo hakuna kazi mpaka tujue kipimo kina nini.

Kuna jambo naulizwa kila mara: kama waya una alama ya TBS, na thamostati imepimwa huko ilikotoka, nipime nini tena? Unapima mikono yako. Alama iliyo kwenye waya inazungumzia waya ulivyotoka kwenye kiwanda cha waya, haijui kama wewe umeupitisha kwenye tundu la bati lenye kingo kali bila kulivisha mpira. Hata alama ya mashine nzima, ukiipata, na ninawaomba muitafute, inatokana na sampuli zilizopimwa na ukaguzi unaofuata. TBS ipo tangu 1975 na ina wataalamu, ila hakuna mtaalamu atakayesimama nyuma yako kila ukikaza skrubu ya nane.

Na msidhani haya ni mambo ya sisi wa gereji na vibanda. Mwaka 2016 Samsung ilizirudisha simu zake za Galaxy Note 7, kama milioni 2.5 kwa mkupuo wa kwanza, kwa sababu zilikuwa zinashika moto. Zikabadilishwa betri kwa za mtengenezaji mwingine, nazo zikashika moto, simu ikafutwa kabisa sokoni. Januari 2017 kampuni ikaeleza ilichokipata baada ya kujaribu simu 200,000 na betri 30,000. Betri za kundi la kwanza zilikuwa zimebanwa kona ya juu kulia. Za kundi la pili zilikuwa na vijino vya kulehemu vilivyotoboa ndani, na baadhi yake zilikosa utepe wa kuhami.

Utepe, ndugu zangu. Kitu tunachokikata kwa meno.

Simu zile ziliwaka dukani, zilipiga picha, zilipiga simu. Baada ya hapo kampuni ikatangaza ukaguzi wa betri wa hatua nane, ukiwemo wa eksirei. Nazungumzia betri na nyie mnaunda stabilaiza, inverta na mashine za vifaranga, lakini nadhani mnaiona skrubu ya nane imekaa mle ndani.

Chaja za bei ya soda sizigusi leo. Nyingi nilizozifungua ugonjwa wake uko kwenye mchoro: upande wa volti 230 na upande wa volti 5 umetenganishwa na nafasi isiyofika milimita moja, pale panapotakiwa milimita 5 au zaidi. Huyo hahitaji kupimwa mwisho, anahitaji kuchorwa upya.

Gharama. Najua mmeningojea hapa. Kipimo kamili cha volti ya juu ni ghali kwa mtu anayeunda mashine tatu kwa mwezi, sitawadanganya. Kuna njia mbili. Ya kwanza, nunueni pamoja. Mnachangia VICOBA kwa ajili ya misiba na harusi; changieni kipimo kimoja, kikae sehemu moja, kila mtu alete kazi yake siku ya Ijumaa. Mashine zinasafiri hadi Mbeya juu ya basi, haziwezi kuvuka barabara kwenda kupimwa? Ya pili, mkiwa bado mnachanga, kila karakana iwe na mega ya volti 500, kile kipimo cha ukinzani wa vihami. Hii ni nafuu, wengi wa wayaringi wanayo. Unaunganisha moto na nyutro, unapima kwenda kwenye bodi, swichi ikiwa imewashwa, mashine haijachomekwa. Mafundi wa Uingereza wanaokagua vifaa vilivyokwisha kutumika hukubali kuanzia megaomu 1 kwa chenye waya wa ardhi na 2 kwa kisicho nao. Kifaa kipya kikikupa hivyo, mimi nakifungua. Kipya chapaswa kwenda juu sana ya hapo. Isipokuwa kama hita imelala stoo kipindi chote cha masika, hiyo huvuta unyevu, iwashe ikauke kwanza ndipo uilaumu. Mega haitaona kila kitu. Nafasi ya karatasi iliyo kavu inaweza kuipita. Ila waya uliobanwa na bati ukachanika, tone la risasi ya kulehemu lililoanguka kwenye bodi ya sakiti, maji, hivyo inaviona, na hivyo ndivyo vingi.

Jambo moja nalisema kwa ukali, vijana mnisamehe. Nimeshasikia wenye akili nyingi wanaotaka kujiundia kipimo cha volti ya juu kwa transfoma ya maikrowevu. Acheni. Ile inatoa kama volti 2000 na haina kikomo cha mkondo cha kukuokoa. Haikupi nafasi ya kujifunza kutokana na kosa. Kipimo cha kweli kimewekewa mpaka wa mkondo, kwa kawaida miliampea chache, na bado tulikuwa tunasimama juu ya mkeka wa mpira, pete na saa mfukoni, mkono mmoja nyuma, uzio mbele ili mpita njia asiweke kiwiko.

Mwisho ni daftari. Mashine ina namba, namba ina tarehe, ardhi imesoma ngapi, volti imepita au haikupita, nani alipima, imekwenda kwa nani, simu yake. Mnaona ni urasimu. Nilimpelekea fundi yule skrubu yake ndani ya bahasha. Aliitazama muda mrefu, akaniambia, "Mzee, pakiti ile ya skrubu nilichanganyiwa dukani. Nimefungia mashine saba." Tukamuuliza mkewe, tukapekua meseji za pesa kwenye simu yake kutafuta majina ya waliolipa, tukapiga namba moja moja. Wawili walikuwa hapa hapa mjini. Mmoja Chalinze, mmoja Morogoro, mmoja Ifakara, na huyu mama wa Mlandizi. Tatu kati ya hizo zilikuwa na mchubuko.

Ya saba ililipwa taslimu na kijana aliyekuja na pikipiki. Alisema anaipeleka kwa mama yake, kijijini. Hakutaja ni wapi. Kama kuna aliyepata kuona mashine kama hii, ya mayai 96, kijani, kioo mlangoni, naomba anione nikishuka hapa.